Kulinganisha Plagi za Injini Iliyoongezewa Nguvu: Mwongozo Kamili wa Aina na Chapa

Mtu anapoanza kuongeza nguvu ya injini ya gari lake, swali la kwanza analouliza kuhusu plagi huwa ni la chapa: je, anunue NGK, Denso, Bosch, Champion au Brisk? Swali hilo si baya, ila huulizwa mapema mno. Plagi mbili za kampuni moja, zinazofanana kwa macho na kuingia kwenye tundu lilelile, zinaweza kutofautiana kiasi kwamba moja ikadumu hadi mwisho wa umri wake na nyingine ikachangia kutoboka kwa pistoni siku ya kwanza ya mbio. Kinyume chake, plagi mbili za kampuni tofauti zenye vipimo sawa mara nyingi dereva hawezi kuzitofautisha akiwa kwenye usukani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoufuata mimi mwenyewe: umbo kwanza, kisha daraja la joto, kisha gepu (nafasi kati ya elektrodi mbili ambamo cheche huruka), kisha madini ya ncha, na chapa baada ya hayo yote.

Tuelewane pia tangu mwanzo kwamba plagi haizalishi nguvu. Injini ikiwa nzima na plagi zake bado hazijachakaa, kuzibadilisha kwa za bei kubwa zaidi huleta tofauti ndogo sana, ambayo hata mashine ya kupimia nguvu ni vigumu kuitenganisha na tofauti za kawaida kati ya kipimo kimoja na kingine. Kazi ya plagi ni kuwasha mchanganyiko wa hewa na petroli kila inapotakiwa bila kukosa hata mara moja, na kulimudu joto lake yenyewe. Nguvu iliyoletwa na turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), kamshafti au mgandamizo mkubwa hupotea pale plagi inaposhindwa moja ya kazi hizo mbili.

Hatua ya kwanza: hakikisha umbo linalingana

Vipimo vya umbo ni vinne: kipenyo cha hesi (mifuo ya skrubu ya plagi), urefu wa hesi, aina ya kikalio (sehemu inayokaa juu ya kichwa cha silinda), na ukubwa wa kichwa kinachoshikwa na spana. Injini nyingi za petroli za magari hutumia hesi ya milimita 14, na baadhi ya injini za miaka ya karibuni hutumia ya milimita 12. Urefu unaoonekana sana ni milimita 19 na milimita 26.5. Kikalio huwa ama bapa chenye washa (pete ya chuma ya kuziba), au cha koni kisicho na washa kabisa. Kichwa cha spana siku hizi huwa milimita 16 au 14, na kwenye injini za zamani milimita 20.8.

Katika vipimo hivyo, urefu wa hesi ndio usiovumilia kosa. Plagi fupi kuliko inavyotakiwa huificha cheche ndani ya tundu lake, na hesi za kichwa cha silinda zilizobaki wazi hujaa masizi, hivyo siku ya kurudisha plagi sahihi hesi hizo zinaweza kuharibika. Plagi ndefu kupita kiasi huingiza hesi zake ndani ya chumba cha mwako, ambako hupata moto hadi kuwaka nyekundu, na ikiwa ndefu zaidi ya hapo inaweza kugongwa na pistoni au na vali.

Vipimo hivi vyote vimeandikwa kwenye namba ya plagi, na anayejifunza kuisoma hatahitaji kumtegemea muuzaji. Chukua NGK BKR7E-11. Herufi BK zinaeleza hesi ya milimita 14 na kichwa cha milimita 16, R inamaanisha ina kizuizi cha umeme ndani, 7 ni daraja la joto, E ni urefu wa hesi wa milimita 19, na 11 ni gepu ya milimita 1.1. Denso IK22 nayo husomeka hivi: I ni iridiamu (madini ya ncha), K ni hesi ya milimita 14 yenye urefu wa milimita 19 na kichwa cha milimita 16, na 22 ni daraja la joto. Herufi R hiyo ya kizuizi isipuuzwe kwenye gari lenye kompyuta ya injini. Plagi isiyo na kizuizi hutoa mawimbi ya umeme yanayoingilia vihisi na redio, na nimeshuhudia injini ikimisi (ikikosa kuwasha mchanganyiko) kwenye mizunguko ya juu kwa sababu hiyo tu, wakati mwenye gari alikuwa ameshabadilisha koili zote (zinazopandisha volti za cheche).

Hatua ya pili: chagua daraja la joto

Hapa ndipo penye uzito wa mambo yote, na hapa ndipo makosa ya gharama kubwa hutokea. Daraja la joto halihusu ukali wa cheche. Linahusu kasi ambayo plagi hulitoa joto kwenye ncha yake na kulipeleka kwenye kichwa cha silinda, ambako hupokelewa na maji ya kupozea. Tazama plagi kwa upande wa ncha, utaona pua ya kauri nyeupe iliyozunguka elektrodi ya kati. Pua ikiwa ndefu, joto husafiri mbali kabla ya kufika kwenye chuma, kwa hiyo ncha hubaki na moto. Hiyo ndiyo plagi moto. Pua ikiwa fupi, joto hutoka upesi. Hiyo ndiyo plagi baridi.

Ncha inatakiwa ifikie nyuzijoto za Selsiasi kati ya 450 na 500 ili iunguze masizi yanayoigandia na kujisafisha yenyewe. Isipofika hapo, masizi hujikusanya juu ya kauri, umeme hupata njia ya mkato, na injini huanza kumisi. Kwa upande wa juu, ncha ikipita nyuzijoto 850 na kuendelea hugeuka kaa la moto ndani ya silinda, na mchanganyiko huwaka kabla cheche haijatoka. Kuwaka huko kabla ya wakati ni hatari kuliko kugonga kwa kawaida (mchanganyiko kulipuka wenyewe baada ya cheche kutoka), kwa sababu pistoni hukutana na mlipuko ikiwa bado inapanda, na hakuna marekebisho ya wakati wa cheche yanayoweza kuzuia jambo hilo.

Injini iliyoongezewa nguvu huchoma mafuta mengi zaidi katika chumba kilekile, hivyo joto la ncha hupanda na plagi baridi zaidi huhitajika. Mwongozo wa NGK ni kuteremka daraja moja kuelekea baridi kwa kila nyongeza ya nguvu za farasi 75 hadi 100, na kwa uzoefu wangu huo ni mwanzo mzuri. Injini ya turbo iliyotoka kiwandani na daraja la 6 la NGK, ikapandishiwa shinikizo kwa kiasi cha wastani, hufaa kupewa 7 (kwa NGK namba kubwa ndiyo baridi zaidi). Ikibadilishiwa turbo kubwa na nguvu zikaongezeka sana, 8 huwa ndipo pa kuanzia, na namba 9 na 10 naziona kuwa za gari la mbio ambalo halisimami kwenye foleni. Anayetumia gesi ya naitrasi aongeze daraja moja zaidi ya hesabu hiyo. Usiruke madaraja matatu kwa mkupuo eti kwa usalama, kwani plagi baridi mno hujaa masizi mjini, na plagi yenye masizi itakukosesha cheche siku utakapoihitaji.

Sasa tahadhari kubwa kuliko zote katika kulinganisha chapa: kampuni hazihesabu upande mmoja. Kwa NGK na Denso, namba ikipanda plagi inakuwa baridi zaidi. Kwa Bosch, Champion na ACDelco, namba ikipanda plagi inakuwa moto zaidi. Hata NGK na Denso, zinazokwenda upande mmoja, hutumia namba tofauti: 5 ya NGK ni 16 ya Denso, 6 ni 20, 7 ni 22, 8 ni 24, 9 ni 27 na 10 ni 31. Niliwahi kuletewa injini ya turbo ambayo mwenyewe alikuwa amehamia chapa inayohesabu kinyume, akachagua namba kubwa akiamini ameteremka kwenye ubaridi. Nilipoitoa plagi ya silinda ya tatu na kuiweka chini ya lenzi, kauri yake ilikuwa nyeupe kama chokaa na yenye malengelenge, na juu yake palikuwa na chembe ndogo za kijivu zinazong'aa. Chembe zile zilikuwa aluminiamu ya pistoni. Kwa hiyo usihamishe namba kutoka chapa moja kwenda nyingine kwa kukisia. Fungua jedwali la ulinganisho la kampuni yenyewe, utafute plagi yako ya sasa, kisha uhesabu madaraja kuanzia hapo.

Hatua ya tatu: pima na urekebishe gepu

Gepu kubwa hutoa cheche ndefu, ambayo huushika mchanganyiko kwa urahisi zaidi, lakini hudai volti nyingi. Volti hizo hupanda pia kadiri shinikizo la gesi kati ya elektrodi linavyopanda. Ndiyo maana gari la turbo linaweza kwenda vizuri kabisa kwenye mwendo wa kawaida, kisha likaanza kukatakata pale tu shinikizo la turbo linapofika kileleni: koili imefikia mwisho wa uwezo wake na cheche haitoki, au inatoka na kuzimwa. Watu wengi hukimbilia kulaumu pampu ya petroli, wakati gepu ilikuwa haijaguswa tangu kiwandani.

Injini isiyo na turbo mara nyingi huenda na gepu ya milimita 1.0 au 1.1. Injini ya turbo iliyoongezewa shinikizo kwa wastani hufaa kati ya 0.7 na 0.8, na yenye shinikizo kubwa sana hushushwa hadi 0.6 au hata 0.5. Kanuni ninayoifuata ni kuacha gepu kubwa kadiri injini inavyoweza kuvumilia bila kumisi kwenye shinikizo la juu, kwani kuipunguza kupita haja huifanya injini itetemeke ikiwa haijakanyagwa mafuta.

Pima kila plagi hata kama boksi linasema imeshapimwa kiwandani. Katika seti moja ya plagi nne nilizopima, tatu zilikuwa na 0.8 kamili na moja ilikuwa na 0.7, na boksi lake lilikuwa limebonyea kona moja. Bila shaka lilianguka njiani. Tumia geji ya waya au fila geji nyembamba, uiteleze kati ya elektrodi mbili hadi uhisi inagusa kidogo pande zote bila kulazimishwa. Kupunguza gepu, gonga mkono wa arthi (elektrodi ya pembeni iliyopinda juu ya ncha) taratibu sana juu ya kipande cha mbao ngumu, huku ukipima kila baada ya pigo. Kuiongeza, vuta mkono wa arthi kwa chombo kinachoushika wenyewe tu. Kamwe usiiegemeze nguvu kwenye elektrodi ya kati, hasa ya iridiamu, kwa sababu ncha yake nyembamba huvunjika na kauri inayoizunguka hupata ufa usioonekana kwa macho. Zile geji za duara zinazofanana na sarafu, zinazoteleza katikati ya ncha kwa kusukumwa, zisiguse plagi za iridiamu wala platinamu.

Hatua ya nne: amua madini ya ncha

Zile zinazoitwa plagi za kopa kwa kweli zina ncha ya nikeli. Kopa iko ndani kama kiini cha kupitisha joto, na plagi za iridiamu na platinamu nazo huwa na kiini hichohicho. Nikeli huyeyuka kwenye nyuzijoto 1455, platinamu 1768, na iridiamu karibu 2446. Kwa kuwa iridiamu ni ngumu na huvumilia joto hivyo, ncha yake inaweza kufanywa nyembamba sana: Denso Iridium Power ina ncha ya milimita 0.4 na NGK Iridium IX ya milimita 0.6, wakati ya nikeli huwa na unene wa takriban milimita 2.5. Ncha nyembamba huhitaji volti chache kutoa cheche, na hiyo ndiyo faida halisi ya iridiamu kwenye injini ya turbo, zaidi hata ya kudumu kwake.

Wengi hudhani kila plagi ya iridiamu hudumu kilomita 100,000 na zaidi. Hilo hutegemea upande wa arthi. Plagi kama Iridium IX na Iridium Power zina iridiamu katikati tu. Mkono wa arthi ni wa nikeli na huliwa kwa kasi yake ya kawaida. Zile kama NGK Laser Iridium zina kipande cha platinamu kwenye mkono wa arthi, na hizo ndizo zinazodumu kweli. NGK pia wana plagi za rutheniamu, madini ya jamii ya platinamu, zilizokusudiwa hasa injini mpya za turbo zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda.

Maoni yangu ni haya. Kwa gari la kila siku lenye turbo na nyongeza ya wastani, iridiamu inastahili bei yake. Kwa injini ambayo bado inarekebishwa, au ya mbio ambayo plagi zake hutolewa kila baada ya siku ya uwanjani, nikeli ya kawaida kama BKR7E haina aibu hata kidogo: mkono wake mnene hustahimili, gepu yake hurekebishika bila hofu, na ikichafuliwa na mchanganyiko mzito unaitupa bila kusita. Plagi zenye mikono miwili hadi minne ya arthi sizipendekezi kwa kuongeza nguvu. Cheche huruka kwenye mkono mmoja tu kila mara, ule wenye njia rahisi, na mikono iliyobaki hurefusha maisha ya plagi huku ikiuziba moto unapoanza kusambaa. Zitumike pale tu injini ilipotoka nazo kiwandani.

Hatua ya tano: sasa linganisha chapa

NGK ilianzishwa Nagoya, Japani, mwaka 1936, na ingawa kampuni yenyewe ilibadili jina kuwa Niterra mwaka 2023, plagi zimebaki na jina lile. Nguvu yake kwa mtu wa injini za kasi ni wingi wa chaguo: umbo moja hupatikana katika madaraja mengi ya joto, kwa nikeli, iridiamu na aina za mbio. Denso, iliyoanza mwaka 1949 baada ya kutenganishwa na Toyota, ina ubora unaolingana nayo, na ncha yake ya milimita 0.4 huipa faida ndogo pale koili zinapokuwa dhaifu. Kati ya hizi mbili mimi huchagua ile yenye daraja ninalolitaka na inayopatikana kwa muuzaji ninayemwamini.

Bosch, ambayo mwaka 1902 ilitoa plagi pamoja na magneto ya volti za juu, ni chaguo la kawaida kwa injini za Kijerumani zilizobuniwa nayo. Champion ina historia ndefu ya mbio na ndege. Brisk ya Jamhuri ya Cheki hutengeneza maumbo kadhaa ya mbio ambayo ni vigumu kuyapata kwingine. Kwa injini za Kimarekani, ACDelco kwa magari ya General Motors na Motorcraft kwa ya Ford ndizo pa kuanzia kulinganisha.

Injini ya duara ya Mazda, inayotumia rota badala ya pistoni, ina sheria zake. RX-8 hutumia plagi mbili tofauti kwa kila rota, RE7C-L upande wa kutangulia na RE9B-T upande wa kufuatia, na hazibadilishani nafasi. Usijaribu kuweka aina moja pande zote kwa sababu tu imepatikana.

Plagi bandia ni tatizo linaloizidi tofauti yoyote kati ya chapa. Plagi halisi ina maandishi makali yasiyofutika kwa kidole, elektrodi ya kati iliyokaa katikati kabisa ya mkono wa arthi, na washa iliyobanwa ambayo huzunguka lakini haichomoki kwa urahisi. Pima pia kizuizi cha ndani kwa mita kutoka juu hadi kwenye ncha ya kati: plagi nyingi zenye R husoma karibu na kiloomu 5, na zikiwa nne za seti moja zinapishana mno, zirudishe.

Hatua ya sita: funga kwa kipimo

Subiri injini ipoe, kwani hesi za aluminiamu zikiwa na moto hung'oka pamoja na plagi. Puliza vumbi kwenye visima vya plagi kabla ya kufungua. Ingiza plagi mpya kwa mkono, ukiishika kwa kipande cha mpira wa bomba, hadi ikae. Ikikwama, irudishe nyuma na uanze upya. Kwa hesi ya milimita 14 yenye washa kwenye kichwa cha aluminiamu, kaza nyutoni-mita 25 hadi 30. Kwa ya milimita 12, kati ya 15 na 20. Usipake grisi ya kuzuia kutu kwenye hesi za plagi zilizokwisha kupakwa madini kiwandani, kwa sababu hesi zinazoteleza hukazwa kupita kiasi huku spana ya torki ikisoma sawasawa. Plagi ikianguka sakafuni, usiifunge.

Hatua ya saba: soma plagi baada ya kazi

Usomaji wa kweli hufanywa kwa plagi mpya, kwenye mashine ya kupimia nguvu au uwanja uliofungwa. Endesha kwa mafuta yote hadi mizunguko ya juu, kisha zima injini palepale ikiwa bado imekanyagwa, weka gia huru na uache gari lisimame, bila kuufikisha ufunguo mahali pa kufunga usukani. Ukiiacha injini ingurume kabla ya kuizima, masizi ya mwendo wa taratibu yatafunika yote uliyotaka kuyaona.

Tazama sehemu tatu kwa lenzi. Kwenye hesi, hesabu hesi ngapi kuanzia chini zimebadilika rangi kwa joto: moja au mbili ni sawa, zaidi ya hapo plagi ni moto mno, na ikiwa hakuna hata moja, ni baridi mno. Kwenye mkono wa arthi, tafuta mstari ambapo rangi ya chuma inabadilika. Ukiwa karibu na kona inapopinda, wakati wa cheche uko mahali pake, na ukishuka kuelekea shina, cheche inatoka mapema mno. Ndani kabisa, chini ya kauri inapokutana na chuma, pete nyembamba ya masizi huonyesha mchanganyiko. Mduara wa kahawia juu ya kauri ya nje, karibu na kichwa cha spana, ni alama ya umeme tu, si uvujaji wa gesi.

Ukiona chembe zinazong'aa kwenye kauri, usirudi uwanjani kwa kubadilisha plagi peke yake. Punguza shinikizo la turbo na wakati wa cheche kwanza, kisha ukague silinda hiyo. Zipange plagi mezani kwa mfuatano wa silinda na uandike namba zao, kwa sababu moja iliyo tofauti na wenzake mara nyingi inaelekeza kwenye injekta au koili ya silinda hiyo. Kwenye injini yenye nyongeza kubwa, zitoe zote za nikeli na kuzipima kila kilomita 10,000, na za iridiamu kila 30,000, bila kujali boksi limeahidi nini kwa injini isiyoguswa.